Fundi wa vitanda vya bweni na gari la kiti kimoja

Saa mbili asubuhi karakana ya Mellen Robi, kando ya barabara inayotoka Migori mjini kuelekea Isebania, tayari inanuka chuma kilichoungua. Vitanda vya ghorofa vimesimama kwa safu mpaka karibu na lami, vikisubiri kupelekwa shule ya bweni upande wa Asumbi. Mellen amechuchumaa kati ya vitanda viwili. Anagonga kiungo kimoja kwa nyundo ndogo, anatega sikio, kisha anahamia kingine.

Kiungo kilichoshika vizuri, anaeleza, hulia kama kengele. Kilichodanganya hulia kama sufuria yenye ufa. Akisikia sufuria anakikata na kuanza upya, hata kama kitanda kimeshapakwa rangi.

“Msichana wa kidato cha kwanza halali tu kwa kitanda,” anasema bila kuinua kichwa. “Anaruka, anacheza, wanakaa watano huko juu wakipiga stori. Mimi natengenezea wale watano.”

Nyuma ya vitanda, chini ya turubai la kijani, kuna kitu kingine alichokitengeneza, na hicho ndicho kinachowafanya wapita njia wapunguze mwendo. Asubuhi hii ni mama mmoja mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, aliyekuja kuulizia bei ya meza. Anainua pembe ya turubai, anainama, anazunguka upande wa pili, anainama tena. Anauliza abiria hukaa wapi. Mellen anamwambia hakuna abiria. Na mzigo? Hakuna mzigo.

“Sasa hiyo ni gari ama ni kiti?” mama anauliza.

“Ni kiti chenye injini,” anajibu Mellen, na wote wawili wanacheka.

Jibu hilo haliko mbali na ukweli. Gari lenyewe ni refu kama mtumbwi mdogo, na kimo chake hakifiki kiunoni mwa mtu mzima. Halina mlango, halina paa, halina kioo. Magurudumu yake manne yamejitokeza nje ya mwili kama miguu ya mdudu, na ndiyo sababu watoto wa mtaani waliliita Panzi kabla hata halijapakwa rangi. Injini ya Volkswagen, ile ya umbo la kobe, iko nyuma ya mgongo wa dereva. Mbele ya injini, juu ya kichwa cha dereva, umesimama upinde wa bomba nene la chuma, uliowekwa kwa ajili ya siku ambayo gari litageuka miguu juu.

Mwaka jana, 1997, siku hiyo ilifika.

Mellen ana umri wa miaka thelathini na minne. Alizaliwa nje kidogo ya Kehancha, katika familia ya Wakuria wafugaji, akaolewa Migori na Otieno, dereva wa trekta la kubebea miwa. Alipofika mjini hakuwa na kazi. Akaanza kuwauzia uji mafundi wa jua kali, na kwa kuwa uji huuzwa asubuhi tu, saa nyingine alikaa pale pale kwenye benchi akiwatazama.

Anasema hakuwa na nia ya kujifunza. Alichotaka ni kujua kwa nini vipande viwili vya chuma vikiguswa na moto vinakubali kuwa kimoja. Aliuliza sana hata mafundi wakamchoka. Siku moja mtu wa kushika upande wa pili wa bomba hakuja, na mwenye kibanda akamwambia aache maswali aje ashike. Hakurudi tena kwenye sufuria ya uji. Miaka michache baadaye, mwenye kibanda alipohamia Kisumu, alimwachia Mellen mashine ya kuchomelea na wateja wake.

Leo kitanda kimoja cha ghorofa humwachia faida ya shilingi mia tatu hivi, akishatoa chuma, rangi na umeme. Mwezi wa kufungua shule ni mzuri. Miezi mingine hutengeneza majiko ya makaa kwa vyuma vya mapipa, mageti, na chochote kinachovunjika katika mji wa Migori.

Panzi lilianzia kwenye kusaga mahindi. Mwaka 1994 Okari, Mkisii anayeuza vipuri karibu na stendi, alinunua Volkswagen iliyooza mwili, akitaka injini yake iendeshe kinu. Alimpelekea Mellen injini hiyo amtengenezee fremu ya kuishikilia. Kabla fremu haijaisha, mtu mwingine alifungua kinu cha umeme jirani na pale Okari alipopanga kuweka chake. Injini ikabaki karakanani, imefunikwa kwa gunia.

Ndipo Jumapili moja Okari akaenda Kisumu kwa shughuli zake, akakuta mbio za magari. Katikati ya magari ya kawaida kulikuwa na gari moja la kiti kimoja, lililoletwa kutoka Nairobi kuonyeshwa. Okari ni mtu mfupi, mkimya, mzee wa kanisa la Waadventista, na hakuna aliyemdhania ugonjwa wa aina hiyo. Lakini Jumatatu asubuhi alikuwa karakanani, akichora hewani kwa mikono yake yote miwili kitu alichokiona.

Mellen alimuuliza maswali mpaka Okari akakosa majibu. Mwisho wakaenda wote kuliona, mbio zilizofuata. Mellen hakutazama mbio. Alilala kifudifudi kwenye vumbi pembeni mwa lile gari, akalichungulia tumboni kwa muda mrefu hata mwenye gari akaja kumuuliza kama amedondosha kitu.

“Nilimwambia sijadondosha,” anakumbuka. “Nikamwambia natafuta mahali uzito unapokaa. Akalala chini na yeye, akanionyesha.”

Ujenzi ulichukua zaidi ya mwaka mmoja, jioni na siku za Jumapili baada ya misa, kwa kuwa Mellen ni Mkatoliki na huenda misa ya kwanza. Mabomba ya maji waliyoanza nayo yalipasuka kila yalipopindwa, wakayatupa, wakatafuta mabomba mazito kwenye vyuma chakavu vya mgodi wa zamani. Sammy, fundi wa injini wa hapo hapo mtaani, alijiunga nao kwa sharti moja tu, kwamba mtu yeyote asiguse kabureta bila yeye kuwepo.

Kiti ndicho watu wa Migori wanachokikumbuka zaidi. Gari la namna hiyo humkaa dereva wake kama kiatu, na Mellen hakuwa na kipimo cha kitu kama hicho. Akamwaga mchanga mbele ya karakana, akaulowesha, akamwambia Okari aketi ndani yake kama anayeendesha. Mwenye duka la vipuri akakaa pale, miguu mbele, mikono ikishika usukani usiokuwepo, huku wateja wake wakipita na kumwamkia. Alipoinuka, umbo lake lilibaki mchangani, na Mellen akakunja bati kulifuata.

Sammy alijaribu kuingia siku gari lilipokamilika. Yeye ni mrefu, na magoti yake yaligonga usukani hata hakuweza kuuzungusha. Ikawa wazi kwamba Panzi lina dereva mmoja tu.

Msimu wa 1997 ulikuwa na mbio nne. Klabu ya mbio ya kanda ya ziwa, ambayo wengi wa wanachama wake ni wafanyabiashara na walimu wenye magari yaliyochoka, iliwakubali kwa tahadhari. Marcella, mwenyekiti wa waamuzi, mwanamke asiyecheka ovyo, alilikagua Panzi kwa nusu siku. Kisha akawaeleza kanuni. Gari lililojengwa nyumbani ni lazima limalize walau mbio mbili kati ya nne. Lisipomaliza, halitapokewa msimu unaofuata, kwa sababu klabu haitaki vyuma vinavyovunjikavunjika katikati ya watu.

Mbio za kwanza, Kisumu, Panzi lilikimbia vizuri kwa dakika chache, kisha vumbi likaziba njia ya hewa na injini ikazimika. Okari alirudi kwa miguu akiwa mwekundu wa vumbi kutoka nyweleni mpaka viatuni.

Mbio za pili zilikuwa Homa Bay, kwenye uwanja wa ndege wa murramu, changarawe nyekundu iliyoshindiliwa. Njia ilipita uwanjani, ikakata kuingia kwenye udongo mweusi, ikapinda kona tatu na kurudi. Kona ya tatu ilikuwa na mtaro upande wa nje. Okari aliifikia kwa kasi, akakanyaga breki katikati ya kona, gurudumu la mbele likazama mtaroni, na Panzi likabiringika.

Mellen alikuwa upande wa pili wa uwanja. Anasema alisikia sauti kwanza, na sauti haikuwa ya kengele wala ya sufuria. Alikimbia. Alipofika, gari lilikuwa limelala miguu juu, likiwa limesimamia upinde wake, na kati ya kichwa cha Okari na ardhi palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Okari alikuwa amening'inia kwenye mikanda, macho wazi, akiuliza kwa utulivu kama kuna mtu anaweza kuzima injini.

Alitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Watu wakamshangilia, wakampongeza na fundi. Upinde ulikuwa umefanya kazi yake.

Mtu mwingine angeridhika. Mellen alipofika Migori aliukata ule upinde kwa msumeno, pale pale kwenye viungo, kwa sababu alitaka kuona ndani. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Upande wa kushoto, ndani ya bomba ambako jicho halifiki, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanza kutembea.

“Ungeshika mara moja tu,” anasema. “Mara ya pili, sijui. Hiyo ‘sijui’ ilininyima usingizi.”

Alijenga upinde mpya, akauongezea vipande vya pembetatu kila pembe. Alimweleza Okari kila kitu alichokiona. Okari alisikiliza, akashika vile vipande vilivyokatwa, akavigeuzageuza, kisha akasema yeye ataendelea kukaa ndani.

Mwezi Agosti, huko Rongo, Panzi likamaliza mbio kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la pili kutoka mwisho. Okari alizunguka bila haraka, na alipovuka mstari Sammy alipiga magoti akabusu tairi. Ikabaki mbio moja, na hiyo moja ilikuwa ni lazima imalizwe. Ingefanyika Homa Bay, kwenye njia ile ile yenye kona ya tatu, Jumapili ya Novemba.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, simu ililia dukani kwa Okari. Alikuwa Marcella. Mwaka ulikuwa wa uchaguzi, na uwanja ulitakiwa Jumapili hiyo kwa ndege ya wageni wa kisiasa. Mbio zimerudishwa nyuma kwa siku moja. Zitakuwa Jumamosi.

Okari alimshukuru, akakata simu, akafunga duka kwa muda, akatembea mpaka karakanani. Hakukasirika wala hakujieleza sana. Alisema tu kwamba Jumamosi ni Sabato, na kwamba tangu afungue duka hajawahi kuuza hata skrubu siku hiyo, kwa hiyo hawezi kwenda kushindana. Sammy alimsihi. Alimkumbusha kanuni ya klabu, miaka waliyohangaika, lile zoezi la mchangani. Okari alikubali kwamba yote hayo ni kweli, na hakubadilisha neno.

Mellen hakumsihi. Anasema aliona uso wake na akajua kwamba mtu huyu anaumia zaidi ya wote waliokuwepo. Alichofanya ni kuondoa turubai, akapanda juu ya Panzi na kuteremka ndani ya kiti.

Kwa kimo yeye na Okari wanalingana. Mabega yake ni membamba kidogo, basi akaweka blanketi lililokunjwa kila upande. Miguu ikafika kwenye klachi na breki. Alikuwa na leseni, kwa kuwa vitanda huvipeleka shuleni mwenyewe kwa pikapu ya kukodi, masika na kiangazi. Lakini hakuwahi kushindana na mtu yeyote barabarani katika maisha yake.

Alikaa mle ndani, akigusa kiungo kimoja baada ya kingine. Sammy alidhani anaogopa. Yeye anasema alikuwa anashangaa.

“Viungo vyote vya hiyo gari nilivichomelea mimi, lakini siku zote nilikuwa naviangalia kutoka nje,” anaeleza. “Ukikaa ndani, vinakuangalia wewe. Kile cha mbele ya goti, kile cha karibu na bega. Nikajiuliza, hivi Ndugu Okari alikuwa anakaa hapa akinifikiria nini?”

Alimuuliza swali hilo hilo. Okari akasema alipokuwa ndani hakumfikiria fundi hata mara moja, na kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa anayoweza kumpa.

Kwa mumewe mambo hayakuwa mepesi hivyo. Otieno alipoambiwa hakukubali mara moja. Wana watoto watatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelivuta Panzi kwa trekta lilipotoka Homa Bay limepondeka. Jioni ya Alhamisi akaja karakanani kutoka kazini, hajabadilisha nguo. Akazunguka gari, akikaza nati za magurudumu moja moja kwa mkono wake. Alipomaliza akaweka kiganja juu ya upinde.

“Min Akinyi,” alimwita kwa Kijaluo, kwa jina la mtoto wao, “hiki chuma unakiamini?”

“Nilimjengea Okari.”

“Sikuulizi Okari.”

Mellen alichukua nyundo ndogo akagonga kiungo cha kushoto. Kikalia. Akamwambia mumewe kwamba anakiamini. Otieno akasema kama ni hivyo atakuja kuona, na hawakuliongelea tena.

Mvua kubwa za mwaka huo, zile zilizoitwa El Nino, zilikuwa zimeanza. Alfajiri ya Jumamosi ilinyesha Homa Bay yote, na ilipoacha, uwanja wa murramu ulikuwa unang'aa na udongo mweusi uliozunguka ulikuwa umegeuka ugali. Magari kumi na moja yalikuja. Mawili yaliangalia njia yakarudi nyumbani bila kuteremshwa kutoka kwenye malori.

Mpango wa timu ulikuwa rahisi. Mellen aende polepole, asigombane na mtu, afike mwisho. Sammy alimrudia hilo mara nyingi huku akifunga mfuko wa plastiki na kitambaa kuzunguka kabureta. Watu walikuwa wamejaa kando ya uwanja, wavuvi, wafanyakazi wa ofisi za wilaya, wauguzi waliotoka zamu, na habari kwamba dereva wa gari la kiti kimoja ni mwanamke, tena fundi wake, ilikuwa imewafikia wote. Walimwita Nyar Kuria, binti wa Kuria, na waliinama kumtazama usoni kama wanaotafuta kitu.

Marcella aliangusha bendera. Mpango haukufika kona ya kwanza.

Mellen alipunguza mwendo kuingia kwenye udongo mweusi, na mara hiyo hiyo akahisi magurudumu ya nyuma yakianza kuchimba. Mbele yake Datsun moja nyeupe, nayo ikienda kwa uangalifu, ilikuwa tayari imekwama mpaka kwenye ekseli. Akakumbuka njia ya Asumbi wakati wa masika, pikapu imebeba vitanda, na jinsi mtu anayeogopa matope ndiye anayelala ndani yake. Akaacha breki na kukanyaga mafuta.

“Nilijua nikienda polepole sifiki,” anasema. “Na nikienda mbio pengine sifiki. Basi nikachagua ile ya pengine.”

Gari lisilo na kioo lina jambo moja ambalo Mellen hakuwahi kulifikiria akiwa nje. Magurudumu ya mbele yanachota matope na kumrushia dereva machoni. Baada ya mzunguko wa pili alikuwa anaona kwa jicho moja. Alijifuta kwa mkono mmoja na kuongoza kwa mwingine, na pale ambapo hakuona njia alitazama kiungo kilicho mbele ya magoti yake, akakiona kinatetemeka na kushika, kinatetemeka na kushika, akaendelea.

Kona ya tatu aliiogopa mpaka alipoifikia. Mtaro ulikuwa umejaa maji, na aliona wazi pale ambapo gurudumu la Okari lilizama. Alipunguza kasi mapema, mahali ambapo udongo ulikuwa bado mgumu, kisha akaingia konani huku amekanyaga mafuta kidogo, bila kugusa breki. Nyuma ya gari iliteleza kuelekea mtaroni, ikasita, ikarudi. Otieno, aliyekuwa amesimama hapo makusudi, anasema alifumba macho mara ya kwanza. Mara ya pili aliangalia. Kuanzia mara ya tatu alikuwa anapiga kelele kama wengine.

Katikati ya mbio injini ilianza kukohoa. Hewa ilikuwa inapita kwa shida. Mellen alijifunza haraka kwamba ikikohoa, akiachia mafuta kidogo na kuyarudisha, inajisafisha, na alizunguka hivyo, akiongea na injini kwa Kikuria. Alipoteza hesabu ya mizunguko. Alipita gari moja lililogeuka, jingine lililokuwa linasukumwa na watu, na aliamini kwamba wengine wote wako mbele yake mbali sana.

Bendera ya mwisho hakuiona. Matope yalikuwa yamelifunga jicho la pili karibu lote, na alivuka mstari akaendelea, akaingia udongo mweusi tena, akapita kona zote tatu kwa mzunguko ambao haukuhesabiwa na mtu. Safari hii aliporudi, Marcella mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya njia, miguu mitupu, akipunga bendera kwa mikono miwili.

Panzi lilikuwa la nne. Magari matano tu ndiyo yaliyomaliza.

Mellen hakuweza kutoka kitini. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, na udongo ulikuwa umejaa kuzunguka kiuno chake na kumshika kama saruji. Otieno na Sammy walimchota matope kwa viganja. Marcella alisubiri mpaka wakamaliza, akaugusa upinde, akaangalia vile vipande vya pembetatu, akamwambia watakutana msimu ujao. Hilo ndilo neno pekee alilotoa.

Jua lilipozama Okari alifika. Alikuwa ametoka Migori baada ya ibada za mchana na kusubiri njiani, nje kidogo ya Homa Bay, mpaka Sabato ikaisha, akiwa bado na shati jeupe na tai. Walikuwa wanaosha gari kwa ndoo kando ya ziwa. Hakuuliza nafasi waliyopata. Alisalimia, akatazama magurudumu yote manne kama anayehesabu watoto, akakaa juu ya jiwe.

“Fundi,” alisema, “ile kona ya tatu umeipita namna gani?”

Mellen akachora mtaro kwenye mchanga kwa kidole, akaweka kokoto kuwa gari. Alimwonyesha mahali pa kupunguza, mahali pa kushika mafuta, jinsi nyuma inavyokwenda na kurudi. Okari aliisogeza kokoto mwenyewe, mara kadhaa.

“Mimi nilishika breki,” alisema mwishowe.

“Ulishika.”

“Basi dereva ni wewe.”

Mellen alikataa hapo hapo. Alimwambia kiti kile kilikunjwa kwa umbo la Okari, na kwamba yeye amekaa ndani yake kwa blanketi. Walibishana kwa upole mpaka Sammy akasema jambo lililokuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa wao wawili. Mmoja hakimbii Jumamosi. Mwingine Jumamosi yuko huru. Timu kubwa zenye pesa hazina madereva waliopangwa vizuri hivyo.

Tangu Januari hii, sehemu ya mbele ya gari la pili imelala nyuma ya karakana, juu ya matofali. Kiti chake kimekunjwa kwa umbo la Mellen mwenyewe. Okari ndiye aliyemwaga mchanga na kuulowesha. Injini bado hawana, na Sammy amezunguka mpaka Mbita akiifuatilia Volkswagen moja ambayo mwenyewe hajaamua kuiuza. Mellen anataka magari yote mawili yawe tayari kabla ya Agosti, mahindi yakishavunwa, kwa sababu mwezi huo anakusudia kufanya mbio nyumbani kwao, Kuria, ambako watu wamesikia habari zake lakini hawajamwona akiendesha.

Uwanja ameshaupata. Mzee Gisiri, ndugu wa baba yake, ana shamba la malisho nje ya Kehancha, karibu na mpaka wa Tanzania, na amekubali kulitoa kwa siku moja, ng'ombe wakihamishiwa mtoni. Mwandishi huyu alifuatana na Mellen kwenda kulitazama. Tulimkuta mzee ameshapiga vigingi vya miti, vikali, vilivyochongwa vizuri, vyote kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka nyumbani kwake mpaka mwisho wa upeo wa macho.

Mellen alimshukuru kwa kazi hiyo, kisha akamweleza kwa heshima kwamba magari haya huzunguka. Mzee Gisiri akataka kujua kwa nini mtu mwenye gari la mbio arudi pale pale alipotoka, wakati nchi yote iko wazi mbele yake.

“Baba, nikienda moja kwa moja utaniona mara moja tu,” Mellen alimjibu. “Mimi nataka unione mara nyingi.”

Mzee alitazama mstari wake wa vigingi. Kisha akavua koti, akalikabidhi kwa Mellen, akaenda kung'oa kigingi cha kwanza.